Machicha Yasiyo na Mshono Wangu

Sendai, 14 Desemba 1974

Kwa mkwe wangu Fumiyo,

Kifurushi kilifika jana. Kilifungwa vizuri na kamba haikulegea. Tamae anakusalimu. Nyonga yangu inaunga. Daktari anasema nitatembea vizuri ifikapo Machi, nami nimemwambia kwamba Machi hiyohiyo nitarudi Asamori, kwa fimbo au bila fimbo. Nyumba ya binti ni nyumba ya watu wengine, hata kama binti ni mwema.

Hapa wanakula natto kila asubuhi. Mume wa Tamae anaikoroga ile soya iliyochachuka mpaka inavuta nyuzi kutoka bakulini hadi kidevuni, nami nageuza kiti changu nikautazama ukuta. Tamae ananicheka. Anasema kiwanda chetu cha pombe ya mchele kiko mbali na vijidudu vya natto havitaruka milima. Najua havitaruka. Lakini tangu nilipoolewa, kuanzia siku mchele wa kwanza unapooshwa hadi siku mfuko wa mwisho unapokamuliwa, natto haijavuka mlango wetu, kwa sababu inaua koji, ule ukungu wa kuchachulia mchele, na bila koji mchele hauwi sake. Marehemu baba mkwe wako alimrudisha kwao mpika sake mzima, mwenye mke na watoto, kwa kuwa alikiri ameila kwenye nyumba ya wageni njiani. Kinywa changu kimezoea kukataa, na hakijui kwamba kiko Sendai.

Sasa nije kwenye machicha ya sake uliyonitumia ya kupaka usoni.

Nilichukua kipande, nikakiloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikakisaga kwenye bakuli la Tamae la kusagia (langu liko nyumbani, na lisiazimwe), nikaongeza unga kidogo wa mchele, nikajaribu kwanza kwenye kiwiko, upande wa ndani, kama nilivyokufundisha. Yaliwasha. Machicha yetu hayajawahi kuniwasha. Nikalichukua bamba lililobaki nikalipeleka dirishani. Lina mistari iliyonyooka, mmoja chini ya mwingine, kama ubao wa kufulia nguo. Machicha yetu hutoka kwenye mifuko. Huwa na alama ya kitambaa, na ukingoni huwa na alama ya mshono. Unajua ni nani anayeishona mifuko ile kila kiangazi. Mshono wangu hupinda kushoto pale uzi unapogeuka, na kila majira ya baridi nimeuona umejichapa kwenye machicha kabla sijayapaka usoni. Mwaka huu haupo.

Niambie machicha haya yametoka kwenye pipa lipi, na yamekamuliwa na nani.

Toku

*

Asamori, 20 Desemba 1974

Kwa Mama, kwa heshima,

Theluji imefika kwenye madirisha ya chini, na mwanao Yasuhiro ameshinda paani tangu jana akiiparua. Tumefurahi sana kusikia kwamba nyonga inaunga. Chumba chako nimekifungua kila kukicha ili kisishike unyevu, na mto wako nimeuanika karibu na jiko.

Naomba radhi kwa machicha yaliyokuwasha. Kosa ni langu, kwa kuwa sikukueleza. Mwaka huu Yasuhiro anajaribu mashine ya kukamulia badala ya lile sanduku la mbao, na mashine ndiyo inayoacha mistari uliyoiona. Machicha yake yanatoka makavu na pombe inabaki ndani, ndiyo maana yaliwasha. Haya ninayokutumia leo nimeyachemsha kidogo kwanza. Natumaini yatakuwa mapole.

Keshokutwa ni siku fupi kuliko zote, nami nimenunua yuzu, yale malimau ya harufu, za kuelea kwenye maji ya kuoga. Mbegu nitazitunza nizitie kwenye sake zitoe ule ute, kama unavyofanya wewe. Hapo nina maswali, Mama, nawe ndiwe pekee wa kuniambia. Ute ukishachujwa unakaa muda gani bila kuharibika, ukiwekwa mahali penye joto? Mtu ambaye ngozi yake inakuwa nyekundu ikiguswa na pombe, atumie sake iliyochemshwa, au asitumie kabisa? Mwenye ngozi ya mafuta apunguze gilisirini? Na chupa, inatosha kuoshwa kwa maji ya moto au ni lazima ichemshwe?

Sake inaendelea vyema. Yasuhiro anakusalimu.

Fumiyo

*

Sendai, 5 Januari 1975

Kwa mkwe wangu Fumiyo,

Mwaka uwe mwema kwako na kwa nyumba.

Nakujibu kwa utaratibu uliouliza. Ute wa mbegu uwekwe kwenye baridi. Mahali penye joto usiuamini hata kwa wiki moja. Mwenye ngozi inayokuwa nyekundu atumie sake iliyochemshwa mpaka harufu kali ikaondoka, na hata hivyo ajaribu kwanza kwenye kiwiko. Mwenye ngozi ya mafuta aache gilisirini. Chupa ichemshwe. Anayeiosha tu kwa maji ya moto ni mvivu, na uso wa mwenzake ndio utakaoulipa uvivu wake.

Nimekujibu. Sasa ni zamu yako.

Wewe una uso mmoja, na ngozi yako si ya mafuta wala haiwi nyekundu. Mbona unauliza habari za nyuso za mji mzima?

La pili ni hili. Kadi ya mwaka mpya ya Yasuhiro imefika. Mwanangu si mwandishi, na kadi zake huwa na maneno machache kuliko picha. Mwaka huu ameandika hivi: "Mama, sanduku la zamani bado linafanya kazi vizuri, na mifuko uliyoishona haijaachia hata uzi." Niliisoma mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Ama mwanangu haioni mashine ya chuma iliyosimama katikati ya kiwanda chake, ama mashine hiyo imesimama ndani ya barua yako tu.

Machicha ya mara hii hayakuwasha. Yana mistari ileile.

Toku

*

Asamori, 12 Januari 1975

Kwa Mama, kwa heshima,

Aliyoandika Yasuhiro ni kweli na niliyoandika mimi ni kweli. Sanduku lipo na mifuko ipo. Mashine ni ya majaribio, ya kuazima, na hakutaka kukusumbua kwa jambo ambalo huenda lisiendelee. Naomba usimwulize kwenye barua, ana mengi kichwani msimu huu.

Kuhusu maswali yangu, wanawake wa jirani huniuliza, nami naona aibu kutojua.

Nimekutumia chupa ya maji ya uso niliyoyatengeneza kwa mbegu za yuzu. Nimeichemsha chupa. Naomba uniambie ukweli kama yamekosa kitu.

Theluji haijapungua.

Fumiyo

*

Sendai, 27 Januari 1975

Kwa Fumiyo,

Maji yako ya uso hayakukosa kitu. Ni mazuri kuliko niliyoyatengeneza mimi nilipokuwa na umri wako. Nayasema haya kwanza ili usidhani kwamba nitakayoyasema baadaye yametokana na kijicho.

Nilitia tone lake moja kwenye ulimi. Sake yetu naijua hata ikiwa imelala na mbegu. Ni yetu, lakini ni ya mwaka jana. Imepita kiangazi, imeshaanza kuwa na utamu wa njugu za kuchoma. Nikajiuliza, katika mwezi ambao sake mpya inatiririka, ni nani anayechota ya zamani, na mpya inakwenda wapi?

Sikukaa na swali hilo peke yangu kwa muda mrefu. Orie wa nyumba ya bafu amekuja Sendai kumwona daktari wa macho, naye alipitia hapa na sanduku la keki. Nilimtazama usoni, na kabla sijatamka neno akasema, "Dada Toku, usinikodolee macho, sijapaka rangi. Ni mkwe wako huyo. Kila Jumatano analeta chupa zake bafuni kwangu, na sisi vikongwe tunasukumana kama wasichana wa shule. Mke wa mwuza samaki amenunua mbili, moja ya uso na moja ya kumfanya mumewe amtazame uso."

Akacheka, nami sikucheka. Unauza maji ya uso ya nyumba yangu kwenye bafu la mji, na mimi ninaambiwa na mteja.

Kisha, kwa kuwa Orie hana breki, akaendelea. Alisema kila Jumatatu unapanda basi la Kamioto. Alisema amekuona kwa jicho lake zima ukitoka kwenye lango la kiwanda cha sake cha Isobe, naye Isobe mwenyewe amekubebea furushi mpaka kwenye ngazi ya basi. "Mgane yule," alisema Orie, "tangu mkewe afe hajambebea mtu hata mwavuli." Alipotambua amesema nini, akainama akaanza kufuta mezani makombo ya keki ambayo hayakuwapo.

Nilimwuliza jambo moja tu, kwa sababu nyumba yake iko upande unaokwenda upepo wetu. Nilimwuliza kama bado harufu ya mchele unaopikwa kwa mvuke inamfikia alfajiri. Akaanza kunieleza habari za jicho lake la kushoto. Hata Orie, basi, ameanza kukuficha.

Nimejumlisha mambo haya. Machicha yenye mistari ni ya Isobe, maana Kamioto wana mashine tangu zamani. Mashine ya kuazima haipo. Sake yetu mpya na machicha yetu mema yanakwenda mahali ambapo mume wako hapajui, na badala yake analetewa mzee aliyevunjika nyonga mabaki ya nyumba nyingine, kwa kuwa mzee haoni. Kama ni biashara, umeuza siri za nyumba iliyokupokea. Kama ni jambo jingine, sitaliandika kwa wino.

Kwa hiyo utafanya hivi. Ukishamaliza kutupa soya za kufukuzia mikosi mwanzoni mwa Februari, utafungasha vyako, utakwenda kukaa kwa kaka yako, nawe utangoja huko mpaka nirudi nizungumze na Yasuhiro ana kwa ana. Bakuli langu la kusagia uliache lilipo.

Toku

*

Asamori, 6 Februari 1975

Kwa Mama,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimeketi nikaisoma tena.

Kila ulichoambiwa na Orie nimekifanya. Naenda Kamioto kila Jumatatu. Bwana Isobe alinibebea furushi, kwa sababu barabara ilikuwa barafu tupu nami nilikuwa nimeanguka mbele ya lango lake mbele ya wafanyakazi wake wote. Nauza chupa kwenye bafu. Sikukuomba ruhusa, na kwa hilo nastahili kukemewa.

Lakini lile ambalo hukuliandika kwa wino halipo, Mama. Nimeishi nawe chini ya paa moja tangu nilipokuwa msichana ambaye hajui hata kufunga kamba za aproni ya nyumba ya sake. Ulinifundisha kufua mifuko, kunusa koji, kupaka uso. Kama huniamini baada ya yote hayo, basi mimi nami sijui ni nini ningeweza kufanya zaidi ili niaminiwe. Naandika hivi bila adabu, najua. Nimechoka.

Ninachokifuata Kamioto siwezi kukitaja. Si kwa kuwa ni aibu yangu. Niliapa kwa mtu nisikitaje, naye bado hajanifungua.

Soya tumezitupa. Yasuhiro alisema maneno ya kufukuza mikosi kwa sauti ndogo sana, kana kwamba anaogopa itasikia. Sanduku langu limefungwa na liko mlangoni. Nimebaki kwa ajili ya wateja wawili walionilipa kabla, nitawapa chupa zao Jumatano ijayo kisha niondoke. Leo asubuhi sikuwa na moyo wa kupika. Nilimwekea Yasuhiro wali na natto na figili za chumvi, akala bila kuniuliza lile sanduku la mlangoni ni la nani, akapanda paani na sepetu yake.

Bakuli lako nimelifunga kwa kitambaa safi. Lipo mahali pake.

Fumiyo

*

Sendai, 10 Februari 1975

Fumiyo,

Usiende kokote. Lifungue hilo sanduku.

Nijibu swali moja, na usinijibu kwa maneno ya theluji. Mwenye kiwanda anakulaje natto nyumbani kwangu mwezi wa Februari?

Toku

*

Asamori, 16 Februari 1975

Kwa Mama,

Ulipouliza ndipo nilipoona nilichoandika. Kwetu imekuwa jambo la kila siku, hata kalamu haikusita.

Nilimpelekea Yasuhiro barua yako. Aliisoma, akairudisha, akasema, "Wewe ndiye mwenye mkono mzuri wa kuandika." Sijui kama hiyo ni ruhusa, nami nimeamua kuichukua kuwa ruhusa.

Hatukupika sake mwaka huu.

Mzee Genzo, mpika sake wetu, magoti yake hayapandi tena ngazi za mapipa. Alikuja mwezi wa Oktoba akiwa amevaa vazi lake jipya, akainama sakafuni, akaomba radhi, akaenda. Wale vijana wake wote wako Tokyo, wanajenga barabara na majumba. Wanasema huko mtu halali juu ya mikeka ya kiwanda akiamshwa usiku kugeuza koji. Yasuhiro alizunguka kijiji baada ya kijiji mpaka theluji ya kwanza. Kila nyumba walimpa chai. Alirudi peke yake, viatu vimejaa matope, akaniambia nipashe maji.

Siku mchele wa kwanza ulipotakiwa kuoshwa, aliamka alfajiri kama kawaida, akaenda kiwandani, akakaa humo. Nilisikia maji yakifunguliwa na kufungwa. Kesho yake alitoka dukani na natto iliyofungwa kwenye majani ya mpunga, akaiweka mwenyewe juu ya meza, akaikoroga. Sikujua nitazame wapi. Akasema, "Kula, Fumiyo. Humu hamna tena kitu cha kuuawa."

Baada ya hapo aliniapisha. Alisema Mama amevunjika nyonga, asivunjike na hili, tumngoje arudi. Ndipo tukakumbuka machicha. Kila Desemba tangu nikujue hukosi machicha mapya, na yasipofika utajua siku hiyohiyo. Nikapanda basi.

Bwana Isobe nilimwambia nataka kununua machicha kidogo. Hakuniuliza ya nini. Aliingia ndani mwenyewe, akachagua mabamba, akayafunga, akakataa malipo. Akaniambia hivi: "Mama wa kwenu akiuliza, mwambie ni ya kwenu. Nami nikiulizwa nitasema vivyo hivyo." Wote wanajua, Mama. Orie anajua, mwuza samaki anajua. Mji mzima umekuwa ukinisaidia kukudanganya, na hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Kuhusu chupa. Sake ya mwaka jana ilibaki nyingi kwenye pipa la nyuma. Yasuhiro hakutaka kuiuza, hakutaka kuinywa, hakutaka hata kupita karibu nayo. Ilikuwa imekaa tu gizani. Niliona ni heri ikae kwenye nyuso za watu kuliko kumwagwa kwenye mtaro. Nilianza na chupa ya Orie. Sasa naombwa kuliko ninavyoweza kutengeneza. Ndiyo maana nilikuuliza habari za nyuso za mji mzima.

Mifuko yako nimeifua na kuikausha kama kila mwaka, ingawa haikuchafuka. Inaning'inia kwenye kamba yake. Yasuhiro alipokuandikia kwamba haijaachia hata uzi, hilo lilikuwa kweli.

Nimelifungua sanduku. Nguo ziko kabatini. Ukitaka nizirudishe, niambie.

Fumiyo

*

Sendai, 24 Februari 1975

Kwa mkwe wangu Fumiyo,

Barua yako ilifika siku tatu zilizopita. Nimekawia kujibu kwa kuwa sikutaka kuandika upuuzi.

Barua yangu ya Januari uichome jikoni. Niliyoyaandika humo kuhusu Kamioto niliyaandika kwa mkono wangu, siwezi kusema ni ya mtu mwingine, lakini sitaki yabaki nyumbani. Nguo zako zikae kabatini.

Sasa usikilize, maana katika kazi yako yamo makosa.

Usiendelee kuchuja ute kwa kitambaa cha dukani. Chupa uliyonitumia ilikuwa na nyuzi mbili ndani yake. Sikuzitaja kwa kuwa wakati ule nilikuwa natafuta makosa makubwa zaidi. Ile mifuko inayoning'inia ilipakwa maji ya tunda la persimoni, ikakazwa, haiachi uzi wala haiozi. Ichukue, uikate. Mikubwa iwe ya kuchujia. Vipande vidogo ushone vifuko vya kutia pumba za mchele, vya kuoshea uso. Wanawake wa bafu watavipenda kuliko chupa, na pumba zipo kwa kila anayekoboa mpunga. Ukikata, usipitishe mkasi kwenye mshono wangu. Uuache ulipo.

Usimwahidi mteja kwamba atarudi kuwa msichana. Mwambie ngozi yake haitapasuka kwa baridi. Inatosha, na ni kweli.

Sake ya pipa la nyuma itaisha. Ikiisha, nenda kwa Isobe mchana, upite lango la mbele, ununue ya kwake kwa bei anayowauzia wengine, wala usikubali kupewa bure tena. Mpelekee salamu zangu na mwambie machicha yake yanawasha, ayachemshe.

Yasuhiro usimwambie kwamba nimekujibu. Nitarudi katikati ya Machi. Nitaketi mahali pangu, nitamwuliza sake ya mwaka huu ikoje, kisha nitanyamaza nimngoje. Mtu aliyepewa chai kwenye vijiji vyote vile na kurudi peke yake anastahili kulisema jambo hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Atakaponiambia, nitashtuka. Nawe utashtuka nami, ili asione.

Bakuli la kusagia lifungue kitambaa. Chombo cha kazi hakihifadhiwi kama majivu ya marehemu. Ni lako.

Leo asubuhi, mume wa Tamae alipoanza kuikoroga soya yake, sikugeuza kiti. Nilimwambia Tamae aniletee bakuli. Alidhani sikusikia vizuri, akaniletea supu. Nikaisogeza supu kando, nikaonyesha kwa kijiti changu cha kulia kile nilichokitaka. Akanipakulia, na mume wake akatazama dirishani kama mtu aliyeona ndege.

Nilikula yote. Ilihitaji haradali zaidi.

Toku